Mali bila Daftari: Makaratasi ya Mawakala wa Michezo na Hazina ya Ngoma za Geita

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya watu wa biashara, na aghalabu hutumiwa kumwonya mwenye duka. Walakini yamfaa pia mwanahistoria wa sanaa, kwa maana ngoma na mchezo wa kuigiza ni mali isiyoshikika. Ikiisha kuchezwa, uwanja hubaki mtupu, na kinachosalia ni kumbukumbu za waliohudhuria pamoja na makaratasi ya wale walioitengeneza shughuli. Pasipo na makaratasi, habari hukaa vichwani mwa watu, nao watu hufa.

Katika nchi za Ulaya na Marekani watu walioshika makaratasi ya namna hiyo ni mawakala wa michezo. Wakala si mtunzi wala mchezaji. Kazi yake ni kusimama baina ya mtunzi na mwenye jukwaa, kutafuta mahali pa kuchezea, kupatana juu ya ujira, kuandika mkataba, kupokea fedha, na kujitwalia sehemu yake, ambayo kwa desturi ni fungu la kumi. Mtu huyu haonekani jukwaani, wala jina lake halitajwi na watazamaji wanaporudi nyumbani. Hata hivyo, katika maktaba kubwa za nchi hizo makaratasi yake huhifadhiwa kwa uangalifu kama miswada ya watunzi wenyewe. Bibi Audrey Wood wa New York alimwakilisha mtunzi Tennessee Williams tangu 1939 hadi 1971, na makaratasi yake yamo katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin. Bibi Margaret Ramsay wa London, aliyekuwa wakala wa Joe Orton na watunzi wengine wengi, alifariki 1991, na majalada ya ofisi yake yamewekwa katika Maktaba ya Uingereza. Makaratasi ya Leland Hayward yamo katika maktaba ya umma ya New York.

Faida ya makaratasi hayo ni dhahiri. Mswada wa mchezo humwonyesha msomaji yale aliyoyasema mtunzi, bali barua za wakala humwonyesha mchezo ulikataliwa mara ngapi kabla ya kukubaliwa, ni nani aliyetaka sehemu fulani ifutwe, mtunzi alilipwa kiasi gani, na lini alikopa. Kwa ufupi, ni humo ambamo sanaa huonekana kuwa kazi, yenye jasho lake na hesabu yake.

Swali laja basi: Je, katika nchi ya Geita na Usukuma, ambako ngoma imekuwa shughuli kubwa ya watu kwa vizazi vingi, wakala alikuwa nani, na makaratasi yake yako wapi?

Kabla ya kujibu, yafaa kueleza ngoma za nchi hiyo zilivyotengenezwa, kwa kuwa mtu asiyezijua aweza kudhani kwamba zilizuka zenyewe kila palipokuwa na mwezi na pombe. Wasukuma wana vyama vikuu viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu. Mapokeo husema kwamba viliasisiwa katika karne ya 19 na wachezaji wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alijisifu kwa dawa zake na kwa wafuasi wake. Tangu hapo kila kikundi cha ngoma huhesabiwa kuwa cha upande huu au ule. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani, vikundi viwili vya pande hizo hukabiliana katika uwanja mmoja na kucheza kwa siku kadhaa. Hapana hakimu anayekaa mezani na kalamu. Mshindi hutambulikana kwa wingi wa watu: upande ule ambao watazamaji wameukimbilia ndio ulioshinda, na ule uliobaki na watu wachache umeaibika.

Shindano la namna hii halitengenezwi kwa siku moja. Sharti siku ipatanwe na wapinzani, uwanja uombwe kwa wenye nchi, mganga aendewe, wachezaji wafundishwe nyimbo mpya, na chakula cha wageni kitafutwe. Mwenye dhamana ya mambo hayo yote ni kiongozi wa kikundi, ambaye kwa Kiswahili huitwa manju, na kwa Kisukuma mtunzi na mwimbaji wa namna hiyo huitwa ningi. Yeye ndiye atungaye, ndiye aimbaye mbele, na ndiye apelekaye maneno kwa upande wa pili.

Tena kuna upande wa kilimo. Vijana wa Kisukuma walikuwa na desturi ya kulima kwa vikundi mashamba ya watu kwa malipo, huku wakiimba. Katika bugobogobo, ngoma ya majembe, wakulima hufuata mapigo ya ngoma, wakiinua na kuzungusha majembe kwa pamoja hata shamba likaisha pasipo mtu kujua kwamba amechoka. Mwenye shamba aliyekitaka kikundi alipatana kwanza na kiongozi wake: shamba ni kubwa kiasi gani, siku ngapi, na malipo ni ng'ombe, au pombe na nyama, au fedha. Mapatano haya ndiyo mkataba, ijapokuwa hayakutiwa sahihi. Manju aliyapatana, akasimamia yatimizwe, kisha akagawa malipo kwa watu wake. Kazi ambazo huko New York zilifanywa na watu watatu, yaani mtunzi, mchezaji na wakala, hapa zilifanywa na mtu mmoja.

Jibu la sehemu ya kwanza ya swali limepatikana. Wakala wa Usukuma alikuwa manju mwenyewe. Ugumu umo katika sehemu ya pili, kwa maana manju hakuwa na ofisi wala kabati la majalada, na wengi wao katika zamani hizo hawakujua kusoma wala kuandika. Makaratasi yanayohusu ngoma za nchi hiyo yapo, tena si haba, lakini aghalabu ni makaratasi ya watu waliosimama kando wakitazama. Yaweza kugawanywa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la serikali ya kikoloni. Kwa Bwana Shauri ngoma ilikuwa, kabla ya mambo mengine, mkusanyiko wa watu. Alitaka kujua ni wangapi, wametoka wapi, wanakunywa nini, na kama watarudi mashambani kwa wakati wa kupanda pamba. Katika Geita shaka hiyo ilikuwa na sababu zake. Nchi hiyo kwa asili ni sehemu ya Uzinza, yenye tawala kama Buchosa na Karumo. Tangu miaka ya 1930 mgodi wa dhahabu uliwavuta watu wa makabila mengi waliotafuta mshahara, na baada ya 1947 Mradi wa Maendeleo wa Usukuma uliwafungulia Wasukuma wengi njia ya kuhamia upande huo wa ghuba ya Mwanza pamoja na ng'ombe zao. Ni wazi kwamba mhamiaji hakuacha nyuma Ugika wake au Ugalu wake. Alihama na nyimbo kama alivyohama na jembe. Kadhalika miaka hiyo ilikuwa ya msukosuko wa siasa. Chama cha TANU kilinyimwa ruhusa ya kufanya kazi Usukuma tangu 1954 hadi 1958, na mwaka huo wa 1958 watu wa Geita waliipinga halmashauri ya mataifa mchanganyiko waliyowekewa na serikali, hata umati mkubwa ukaenda Mwanza kudai haki yake. Katika hali kama hiyo, jalada lenye jina la ngoma lasomeka pia kama jalada la usalama. Msomaji wa Nyaraka za Taifa huko Dar es Salaam hana budi kukumbuka kwamba mwandishi wa jalada alikuwa akiuogopa umati, wala hakuwa akiusikiliza wimbo.

Hata hivyo alikuwapo mtumishi mmoja wa serikali aliyesikiliza. Huyu ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, ambaye zamani jina la ukoo wake lilikuwa Koritschoner. Serikali ya Tanganyika ilimwajiri kuchunguza mila za makabila, na kazi yake kubwa aliifanya Usukuma. Mwaka 1946 alichapisha makala juu ya Buyeye, chama cha wachezaji wa nyoka, na mwaka 1953 aliandika juu ya picha zilizochorwa ukutani na watu wa chama hicho. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma. Alipofariki 1962 aliacha maandishi mengi ambayo hayakupigwa chapa, nayo yakahifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Humo mna habari za watemi, za vyama vya siri, za unyago, na za nyimbo na ngoma. Katika Tanzania ni vigumu kupata sanduku lililo karibu zaidi na makaratasi ya wakala wa michezo kuliko haya ya Cory. Walakini yeye alikuwa mkusanyaji. Alitaka kujua chama kina vyeo gani na kina miiko gani, na hayo ameyaandika vizuri. Manju alipokea ng'ombe wangapi kwa msimu mmoja ni jambo lisilokuwa katika shughuli yake.

Fungu la pili ni la misheni. Huko Bujora, karibu na Kisesa, kiasi cha kilometa 20 kutoka Mwanza, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, alikusanya pamoja na Wasukuma wenyewe vyombo, ngoma, viti vya watemi na nyimbo. Makumbusho ya Wasukuma yakatokea hapo, na mojawapo ya majengo yake limewekewa vitu vya Wagika na Wagalu. Tena Padre Clement aliingiza ngoma katika sikukuu ya Ekaristi, ambayo watu waliiita Bulabo, na mashindano ya vyama yakapata uwanja mpya kila mwezi wa Juni. Hapa kazi ya wakala ilipata mshirika. Mwenye uwanja alikuwa kanisa, na siku ilikuwa imekwisha kupangwa katika kalenda. Jambo hili laonyesha kwamba watu walioitwa watazamaji wa kando mara nyingine waliingia katika shughuli yenyewe, wakabadili masharti yake. Katika Bujora yasiyoandikwa yalihifadhiwa kwa namna nyingine, yaani kwa vitu. Ngoma iliyochakaa ni hati ya aina yake, maana ngozi yake na alama zake huonyesha imetumika kiasi gani.

Fungu la tatu ni la mashine za sauti. Mwaka 1950 Hugh Tracey alisafiri katika Tanganyika na vyombo vyake vya kurekodi, na Wasukuma ni miongoni mwa waliorekodiwa. Kanda na kadi zake zimo katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoiasisi 1954, ambayo sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kadi ya namna hiyo hueleza kabila, mahali, aina ya ngoma na vyombo. Ni hati yenye manufaa, bali ni fupi. Yafaa kuilinganisha na habari za Pwani. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja na wenziwe walikwenda Bombay kuimba kwa ajili ya sahani za kampuni ya His Master's Voice. Kampuni ile ilikuwa na mawakala wake katika Afrika ya Mashariki, na kwa kuwa wakala alikuwa mfanya biashara, aliandika barua na kupeleka hesabu. Hifadhi ya kampuni hiyo iko Hayes, karibu na London. Hivyo mwimbaji mwanamke aliyezaliwa katika ufukara, asiyejua kuandika, ameacha nyuma yake wasifu uliotungwa na Shaaban Robert na pia alama katika vitabu vya biashara. Manju wa Geita aliyeishi zama zizo hizo, ambaye huenda aliwakusanya watu wengi kuliko Siti katika uwanja mmoja, hana hata stakabadhi. Tofauti haikuwa katika ufundi wao. Sanaa ya Siti ilipita katika mikono ya mtu aliyelazimika kutunza daftari, na ya manju haikupita.

Mtu aweza kupinga kwamba manju hakulihitaji daftari, na kwamba kumlaumu kwa kukosa makaratasi ni kumpima kwa kipimo cha wageni. Hoja hii ina nguvu. Tena yaweza kuongezwa kwamba sehemu ya kazi yake ilikuwa siri kwa makusudi: dawa za ngoma hazikusemwa hadharani, na wimbo wa kumtukana mpinzani ulifichwa hata siku ya shindano, usije ukajibiwa kabla ya kuimbwa. Zaidi ya hayo, manju alikuwa na njia yake ya kuweka hesabu, nayo ni wimbo wenyewe. Desturi ya watunzi wa Kisukuma ni kujitaja kwa jina ndani ya wimbo, kutaja kwao, kumtaja mwalimu au mtemi aliyewafadhili, kuwataja wapinzani, na kulalamika juu ya asiyelipa. Yale ambayo wakala wa London aliyaweka katika barua, manju aliyaweka katika beti, akayatangaza mbele ya mashahidi. Frank Gunderson, Mmarekani aliyechunguza nyimbo za kazi za Wasukuma, alichapisha 2010 kitabu chenye nyimbo zaidi ya 300, na mtu akizisoma huona jinsi zilivyojaa majina ya watu, ya mahali na ya mambo yaliyotukia.

Lakini daftari la namna hii lina udhaifu mmoja mkubwa. Ladumu maadamu wimbo unaimbwa na wale wanaowajua waliotajwa. Wimbo ukihama, majina huwa ya kwanza kuanguka. Mwimbaji mwingine huliondoa jina la mwenye wimbo na kutia lake, au huacha maneno na kubaki na mahadhi. Jambo hilo lilikuwa dogo wakati wimbo uliposafiri kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji. Lilikuwa kubwa baada ya Uhuru. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisema kwamba utamaduni ni roho ya taifa, na ngoma za makabila zikapandishwa katika jukwaa la nchi nzima. Bugobogobo ilikuwa miongoni mwa ngoma zilizopendwa sana. Ikachezwa mbele ya wageni wa serikali, ikafundishwa mashuleni na vyuoni, nayo ikajulikana kwa jina la kabila. Heshima hiyo ilistahili. Ila katika kupanda kwake, nyimbo zilizokuwa na wenyewe ziligeuka kuwa za Wasukuma wote, kisha za Watanzania wote, na kumbe zilikuwa zimetungwa na mtu fulani, katika mwaka fulani, kwa shamba fulani.

Hapa jambo la makaratasi lageuka kuwa jambo la haki. Sheria ya hakimiliki ya 1999 humlinda mtunzi anayejulikana, na kazi za jadi imezitengea sehemu yake mbali. Mpaka baina ya mafungu haya mawili, kwa sehemu kubwa, hutegemea ushahidi. Wimbo wenye jina la mtunzi, tarehe na hati ni mali ya mtu na ya warithi wake. Wimbo ule ule ukikosa hati huitwa wa jadi, na neno hilo, ingawa lasikika kwa utukufu, maana yake ni kwamba mtunzi hatadai kitu. Mjukuu wa manju aliyesimama mbele ya watu wa Geita katika miaka ya 1950 aweza leo kuusikia wimbo wa babu yake katika sherehe au redioni, akautambua, na asiwe na karatasi hata moja ya kumwonyesha karani.

Kwa hiyo haifai kusubiri makaratasi ya manju yaje yenyewe katika maktaba. Mkoa wa Geita ulianzishwa 2012. Mgodi wake wa zamani ulifungwa 1966, na mgodi mpya umechimbwa tangu 2000. Habari za dhahabu zinaandikwa kwa wingi, na gramu zake zinahesabiwa. Ngoma za nchi ile ile zinastahili angalau orodha. Mwanafunzi atakayekwenda huko asitafute kabati la ofisi. Na aulize habari za vibali vilivyotolewa na wanangwa na makarani, barua za mwaliko wa shindano, daftari la shule ambamo kijana aliyesoma aliandika nyimbo za baba yake, picha ya kikundi iliyopigwa mjini Mwanza, kadi ya chama, hesabu ya michango ya kununulia ngozi. Vitu hivi, palipo navyo, havikai pamoja na vitabu. Hukaa sandukuni pamoja na nguo na hati za shamba, na hutupwa siku ya kugawana urithi, kwa kuwa hapana mtu aliyewaambia warithi kwamba vina thamani.

Tena asiache kuuliza kwa mdomo. Kila wimbo unaokumbukwa na wazee yafaa uulizwe maswali yale yale ambayo barua za wakala zingaliyajibu: Nani aliutunga? Uliimbwa kwanza wapi, na dhidi ya nani? Nani aliyekiita kikundi, na alilipa nini? Malipo yaligawanywaje, na ni nani aliyenung'unika? Majibu yaandikwe pamoja na jina la msemaji na tarehe, kisha yawekwe pamoja na makaratasi ya Cory, pamoja na vitu vya Bujora, na pamoja na kadi za Tracey, ili mafungu hayo yasahihishane. Hapo ndipo jalada la Bwana Shauri, lililoandika kwamba watu wengi walikusanyika kwa kelele siku nyingi, litakapowekwa kando ya neno la mzee atakayesema ni nani aliyeshinda siku ile, na kwa wimbo upi.

Wazee hao hawatadumu. Waliokuwa vijana wa kulima kwa ngoma mwaka 1958 sasa ni watu wa miaka themanini na zaidi, na kila kiangazi idadi yao hupungua. Mali yao ingali inaimbwa. Daftari ndilo halijafunguliwa.